Nani Ashike Mizani ya Mchoraji?

Mtu yeyote anayeshuka asubuhi kutoka vilima vya Mwanza, awe ametoka Mabatini, au Igogo, au miteremko ya Bugando, hupita kati ya picha nyingi kabla hajafika kazini. Kibanda cha kinyozi kina vichwa vitatu vya vijana vilivyochorwa ukutani. Mama lishe ana sahani ya ugali na samaki iliyopakwa rangi juu ya mlango wake. Daladala limeandikwa methali mgongoni. Na huko Kirumba, mwaloni, mitumbwi imepangwa kwa rangi zake na majina yake, kila mmoja ukijulikana kwa alama ya mwenyewe. Kazi hizi zote zimefanywa kwa mikono ya watu, na karibu wote hawakusoma chuo chochote cha sanaa. Wengi wao wanaishi mumo humo vilimani, katika nyumba zilizojengwa kati ya mawe makubwa, juu ya ardhi ambayo kwa miaka mingi haikupimwa viwanja.

Twapenda leo kusema habari za watu hawa. Hatusemi kwa sababu tumeshangazwa na ufundi wao, maana ufundi wao wauona kila siku. Twasema kwa sababu wao ni wafanyakazi kama wafanyakazi wengine, lakini kwa muda mrefu hawakuhesabiwa hivyo. Na kwa sababu riziki yao sasa imo hatarini.

Hatari ya kwanza yajulikana na kila mmoja wao. Mashine za kuchapa mabango ya plastiki zimeenea mjini. Bango ambalo mchoraji alilifanya kwa siku mbili, akipiga mstari kwa chaki kwanza, kisha akijaza rangi, kisha akingoja ikauke, mashine hulitoa kwa muda mfupi, tena kwa bei ambayo mchoraji hawezi kuifuata. Hatari ya pili ni mahali. Mwishoni mwa 2021 wafanyabiashara wadogo waliondolewa kando ya barabara za miji mikubwa ya nchi yetu, Mwanza ikiwa miongoni mwake, wakapelekwa kwenye maeneo waliyotengewa. Hatutaki kufufua hapa mabishano ya wakati ule. Lakini kila kibanda kilichovunjwa kilikuwa ukuta wa mchoraji, na kila mwenye kibanda alikuwa mteja wake.

Basi mchoraji amebakiwa na njia mbili. Ama aweke brashi chini atafute kibarua kingine, ama aache kuchora mabango aanze kuchora picha za kuuza: picha za ziwa, za samaki, za ngoma, za mawe yetu haya ambayo wageni huja kuyapiga picha. Wengi watachagua njia hii ya pili, na si vibaya. Daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025, na watu wanaopita kanda hii hawatapungua. Soko laweza kupatikana. Lakini mchoraji akifika sokoni peke yake, na picha moja kwapani, na mtoto nyumbani hajala, atamkuta mlanguzi amekwisha kufika kabla yake. Mlanguzi ndiye atakayetaja bei. Ndipo twauliza: nani ashike mizani?

Swali hili si geni katika nchi hii ya ziwa. Wazee wetu waliliuliza habari za pamba. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Usukuma na Ukerewe walilalamika kwamba walikuwa wakipunjwa kwenye vituo vya kununulia pamba. Mkulima alileta mzigo aliouvuna kwa jasho la msimu mzima, lakini mizani ilikuwa ya mnunuzi, na macho ya kuisoma yalikuwa ya mnunuzi. Jambo la kwanza walilofanya wakulima halikuwa kujenga kinu wala kufungua benki. Waliweka watu wao wenyewe wasimame kando ya mizani na kuangalia uzito. Kutokana na jambo hilo dogo vilitokea vyama vya msingi, na vyama hivyo, vikiongozwa na Paul Bomani, aliyekuja kuwa Waziri wa Fedha wa nchi huru, viliungana mwaka 1955 katika Victoria Federation of Cooperative Unions. Muungano huo ukanunua vinu vyake vya kuchambulia pamba, ukahesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika katika Afrika.

Mwenye kusema kwamba pamba ni pamba na picha ni picha, hana kosa. Pamba hupimwa kwa kilo, picha haipimwi. Lakini kwa sababu hiyo hiyo mchoraji anahitaji mizani kuliko mkulima. Kilo moja ya pamba ina bei inayotangazwa. Picha moja haina bei ila ile ambayo mwenye njaa atakubali.

Wala kuchora kwa pamoja si jambo tulilokopa ng'ambo. Katika Usukuma kulikuwa na chama cha Bayeye, wacheza nyoka, waliokuwa na elimu ya dawa za sumu na ngoma zao wenyewe. Katika nyumba walizofundishia wanachama wapya walichora kuta kwa picha za nyoka, za watu na za wanyama, na picha hizo zilikuwa somo kwa mwanafunzi. Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa mila katika utumishi wa serikali ya kikoloni, alizikusanya picha hizo katika kitabu kilichotolewa mwaka 1953. Kuta zenyewe zilikuwa za udongo, na udongo hauishi. Twaona hapa mambo mawili. Kwanza, kwamba hapa kwetu mchoraji alikuwa mtu wa chama, akifundishwa na chama na kukifanyia kazi chama. Pili, kwamba kumbukumbu ya kazi hiyo imebaki katika kitabu cha mtu mwingine, kwa sababu chama chenyewe hakikuwa na njia ya kuitunza. Wanaotaka kuona jinsi mila hizi zinavyoweza kutunzwa na wenyewe na waende Bujora, Kisesa, ambako jumba la makumbusho ya Wasukuma lililoanzishwa na Padre David Clement limehifadhi ngoma za watemi na vifaa vya vyama vya zamani.

Sasa na tutazame wachoraji waliokwisha kupita njia ambayo wachoraji wa Mwanza wanataka kuipita. Wa karibu kabisa, na wanaojulikana zaidi duniani, ni wale wa Dar es Salaam.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 huko Tunduru. Kama vijana wengi wa kusini wakati ule, alikwenda Tanga kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, kisha akaja Dar es Salaam, akawa mtumishi wa nyumbani na mtu wa vibarua. Akiishi Msasani, mahali ambapo maskini walijijengea wenyewe, alianza kuchora karibu na mwaka 1968. Hakuwa na turubai wala rangi za wachoraji. Alichukua vipande vya ubao laini, vile vinavyotumika kuwekea dari, na rangi ya mafuta ambayo watu hupakia baiskeli. Alipaka ubao mzima rangi moja kwanza, kisha juu yake akamweka ndovu, au chui, au ndege, kwa rangi zisizochanganywa. Mkewe alikaa na kuziuza picha hizo kwa wageni waliokuja kununua vyakula kwenye maduka ya Morogoro Stores, Oyster Bay. Alipoona kazi inakwenda aliwaita jamaa na marafiki, akawafundisha. Miongoni mwao walikuwa January Linda, Adeusi Mandu, Kasper Tedo, Simon Mpata na Omari Amonde. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi za polisi waliomdhania kuwa mhalifu aliyekuwa akitoroka. Kwa hiyo alichora kwa muda wa miaka 4 tu, au zaidi kidogo.

Tujiulize: ni wangapi katika Afrika waliokuwa na kipaji kama chake, wakafa, wakasahaulika? Hawahesabiki. Tingatinga hakusahauliwa kwa sababu alikuwa amekwisha kufundisha. Wanafunzi wake waliendelea kuchora mahali pale pale, nje ya maduka, chini ya mti. Mwaka 1977 waliunda ubia wao, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika kilichoandikishwa, chenye uongozi wa kuchaguliwa na duka lake. Jina la mtu mmoja asiyejua shule ya sanaa likawa jina la mtindo mzima unaojulikana Japani, Ulaya na Marekani. Hilo limefanywa na ushirika. Brashi peke yake isingeweza.

Lakini hatutawafaa wasomaji wetu tukisema mazuri peke yake. Historia ya wachoraji hao ina mafunzo machungu pia, na mafunzo hayo ndiyo yatakayowasaidia wale wa Mwanza.

Fundisho la kwanza ni la jina. Sheria ya hakimiliki, ambayo kwetu ilitungwa mwaka 1999, humlinda mchoraji mtu asinakili picha yake. Hailindi mtindo. Mtu wa nchi yoyote aweza kuchora ndovu mwenye madoa kwa rangi ya baiskeli, na hapana atakayemshitaki. Jina nalo hulindwa kwa kuandikishwa kama alama ya biashara, si kwa kupendwa na watu. Kuanzia mwaka 2010 watoto wa Uingereza walionyeshwa katika televisheni katuni zilizoitwa Tinga Tinga Tales, ambazo zilitengenezwa Nairobi kwa mtindo uliotokana na kazi za Msasani. Kwa hiyo jina la mtu wa Tunduru lilivuka bahari na kuwa bidhaa. Kila kikundi cha wachoraji chafaa kujiuliza mapema, kabla ya umaarufu kuja: jina letu limeandikishwa kwa nani? Siku ya umaarufu ni siku ya kuchelewa.

Fundisho la pili ni la kunakiliana. Picha ya simba ikiuzwa sana leo, kesho wachoraji kumi wanachora simba yule yule, na keshokutwa bei ya simba imeanguka. Hapo mwenzako si mwenzako tena. Amekuwa mlanguzi wa pili. Chama kisicho na mapatano ya bei ya chini, na kisichowahimiza wanachama wake kuchora mambo mapya, hugeuka kuwa kivuli ambacho chini yake watu wanapigana.

Fundisho la tatu ni la soko moja. Mwaka 2019 watalii zaidi ya milioni 1.5 waliingia Tanzania. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga viwanja vya ndege vya dunia, walikuwa karibu 620,000 tu. Mchoraji ambaye mteja wake wa pekee ni mgeni alilala njaa mwaka ule. Yule ambaye mteja wake ni jirani, mwenye duka, shule, au mwenye mtumbwi, alipata angalau kidogo. Kwa hiyo wale wanaowaambia wachoraji wetu waache kabisa kazi za mtaani wawaangalie watalii tu, hawawapi shauri jema.

Kwa habari ya kuishi na mtaa, mfano ulio bora twauona kwa jirani zetu wa Nairobi. Katika Kibera, mtaa wa mabanda unaojulikana na dunia nzima kwa umaskini wake, waandikaji mabango wawili, Otieno Gomba na Otieno Kota, walianzisha mwaka 2001 kikundi kinachoitwa Maasai Mbili. Walikuwa mafundi wa vibao vya maduka, kama wale wa Mabatini. Walikuwa wakivaa mavazi ya Kimaasai wanapofanya kazi barabarani, watu wakawapa jina hilo nao wakalipokea. Wakapata nyumba katika mtaa ule ule, wakaifanya karakana, na vijana wengine wakaingia humo kujifunza. Hawakuhama kwenda kwenye mitaa ya matajiri. Fujo zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilipoiangukia Kibera, na nyumba kuchomwa, na jirani kumwogopa jirani, mmoja wa wachoraji hao anayejulikana kwa jina la Solo 7 aliandika maneno ya kuomba amani juu ya kuta, mabati na milango ya mtaa mzima. Na baadaye kikundi kiliwakusanya watoto waliokuwa wameona mambo ambayo mtoto hapaswi kuyaona, wakapewa karatasi na rangi.

Mtu wa kawaida wa Kibera hakuhitaji kuambiwa tena sanaa ni ya nini. Lakini hata huko, ardhi imebaki kuwa swali. Mwezi Julai 2018 nyumba za maelfu ya watu katika Kibera zilibomolewa ili kupisha barabara. Karakana iliyo katika mtaa usiopimwa hukaa siku zote ikisikiliza mlio wa tingatinga, na hapa hatusemi la rangi, twasema la chuma.

Kuna watakaotupinga. Watasema kwamba sanaa ni kipaji cha mtu mmoja, na kwamba chama huwafanya wote wawe sawa, hodari na mvivu. Hoja hii si ya kudharauliwa. Lakini mbona wakulima wa pamba hawakulima shamba moja? Kila mmoja alikuwa na shamba lake na jembe lake. Walichoshirikiana ni mizani, ghala na kinu. Vivyo hivyo kwa mchoraji. Paa liwe la pamoja, rangi inunuliwe kwa jumla, bei ya chini ikubaliwe na wote, daftari lisomwe mbele ya wote. Brashi ibaki ya mwenyewe, na jina lake liwe chini ya picha yake.

Wengine watasema kwamba ushirika ulikwisha kutuangusha. Ni kweli, na sisi wa kanda ya ziwa twajua zaidi kuliko wengine. Ule muungano mkubwa wa pamba uliingiwa na matumizi mabaya na viongozi waliosahau aliyewachagua. Mwaka 1966 serikali iliunda tume ya kuchunguza vyama vya ushirika nchini. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa vyote, vikaja kurudishwa kwa sheria ya 1982. Lakini tazameni vilipoanguka. Havikuanguka kwa sababu wakulima walishirikiana. Vilianguka pale mkulima alipoacha kusimama kando ya mizani, akadhani kwamba kwa kuwa mizani ni ya chama basi haina haja ya kuangaliwa. Mizani ya mwenzako nayo yataka macho.

Baada ya kusema hayo, twaona kuna mambo ya kutendwa, na hayahitaji fedha za kigeni.

Kwa wachoraji wenyewe: waanze na watu wachache wanaojuana, wenye karakana moja na daftari moja. Halmashauri zetu zimewekewa na sheria wajibu wa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisimamishwa mwaka 2023 ukarudishwa mwaka 2024. Ni haki ya vikundi vya wachoraji kuomba kama wanavyoomba wafuga kuku na washonaji. Lakini kikundi kinachozaliwa siku ya mkopo hufa siku ya marejesho. Na kizaliwe kabla. Tena wasiwaache nje wanawake. Mwanamke anayefuma ukili, anayefinyanga au anayechora ni mwanachama kamili, si mpishi wa chai katika karakana.

Kwa wenye madaraka ya ardhi: kazi ya kurasimisha makazi ya vilimani ni kazi njema, nasi twaiunga mkono. Lakini ramani inayochora nyumba, barabara na msikiti na kanisa, ikasahau mahali pa fundi, ni ramani ya watu wanaolala tu. Katika kila mtaa unaopimwa pabaki kiwanja kimoja cha karakana ya umma. Mwanza ina mfano wake: Makoroboi ilipewa jina na mafundi waliokuwa wakitengeneza koroboi kwa makopo yaliyotupwa. Jina limebaki. Tusiridhike kuwakumbuka mafundi kwa majina ya mitaa.

Kwa wanachama wetu katika matawi na mahali pa kazi: kabla hamjaagiza bango la plastiki litakalopasuka kabla ya masika mawili, ulizeni kama katika mtaa wenu hakuna mkono uwezao kuliandika ukutani. Shule ina kuta. Zahanati ina kuta. Ofisi za matawi zina kuta. Somo la kunawa mikono, au la mwili wa binadamu, au la ramani ya ziwa, likichorwa vizuri ukutani litafundisha watoto miaka mingi, kama kuta za Bayeye zilivyofundisha. Na kazi hiyo ilipwe. Tabia ya kumwambia mchoraji kwamba atapata sifa, hali seremala na mwashi wanapewa fedha, ni unyonyaji, hata ukifanywa kwa tabasamu.

Wazee wetu hawakungoja mnunuzi wa pamba awe mwema. Walikwenda wakasimama kando ya mizani yake, wakatazama. Wachoraji wa vilima vya Mwanza wana macho makali kuliko watu wengi, maana macho ndiyo kazi yao. Na wayatumie sasa kutazama bei ya kazi yao, tena watazame wakiwa wengi.